Ndege Buluu Kwenye Glavu za Jirani

Dada mshauri, nakusalimu, unisamehe kwa barua ndefu, ila nikiendelea kukaa na jambo hili moyoni nitapasuka.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hapa Perm, Urusi, na mpwa wangu Taisia, binti wa marehemu kaka yangu, alihamia Berlin vita vilipoanza akajiunga na Sinitsa, lile kundi la Wajerumani na watu wetu wanaovipinga, na alama yao ni ndege mdogo wa buluu, basi akanitumia mchoro wa kumfuma, nami nikampenda yule ndege kuliko maua yote niliyowahi kufuma, nikamtia kwenye glavu za sufu nikampa jirani yangu wa mlango wa pili, Klavdia Prokhorovna, zawadi ya Mwaka Mpya, sikuwaza lolote. Baridi haijaisha televisheni ikatangaza kwamba Sinitsa ni shirika lisilotakikana nchini, ukishirikiana nalo unafungwa, na Klavdia huyo anakwenda na ndege wangu dukani, zahanati, hata kituo cha polisi kufuatilia pasi yake! Mjukuu wake yuko vitani, picha yake akiwa amevaa magwanda imetundikwa sebuleni, sasa nitamwambiaje anirudishie glavu bila kusema sababu? Kengele ya mlango ikilia nilikuwa najificha bafuni. Na baya kuliko yote, Taisia alipopiga Jumapili nilimwambia, "Usinipigie tena, mimi na wewe hatujuani," akasema, "Shangazi?" nikakata simu.

Juzi nikaenda kwa Klavdia kunywa chai, nia yangu ni kuiba. Alipogeukia kabati kuchukua jamu nikazinyakua glavu zilizokuwa zinakauka juu ya bomba la joto, nikazisokomeza kifuani.

"Arkadyevna," akasema bila kugeuka, "rudisha. Uzee wote huo ndiyo unaanza wizi, tena kwangu?"

"Nilitaka kukurekebishia kidole gumba tu, mwenzangu, kimelegea."

"Kilicholegea ni kichwa chako! Hebu zitazame."

Nikazitoa. Ndege hayupo. Mahali pake pamefumwa mti wa msonobari, tena umepinda vibaya.

"Hata mimi nina televisheni," akasema. "Nilimfumua siku ileile. Au ulidhani nitakupeleka polisi?"

Ndivyo hasa nilivyodhani.

"Huna akili hata kidogo. Mjukuu wangu Rodion ameniandikia kutoka vitani, ‘Bibi, kama kuna watu huko wanaopiga kelele turudishwe nyumbani, waendelee.’ Haya, kunywa chai, inapoa."

Dada, nililia, nikacheka, nikala chapati za maji mpaka kuinuka ikawa kazi, na usiku huo nililala kama mtoto. Lakini Taisia sijampigia. Naona aibu, naogopa hatapokea, na sijui kama kuongea naye tu nako ni kosa. Nifanyeje?

Rimma Arkadyevna

JIBU

Rimma Arkadyevna (jina hilo nimekupa mimi, na Perm si kwenu), kwanza nikugombeze. Umeniandikia jina lako kamili, mtaa na namba ya mlango, kwa gazeti ambalo nalo limepigwa marufuku, kisha unaniuliza kama kuongea na mpwa ni hatari! Barua nimeifuta, majina yote nimebadilisha, hata yule ndege hakuwa ndege. Nawe futa nakala yako leo hii.

Pole kwa misukosuko, na hongera kwa jirani. Ulimhukumu kwa picha ya ukutani. Kamwombe radhi kwa mdomo, usimpelekee keki tu ukadhani yatosha, na ukimaliza umfundishe kufuma msonobari ulionyooka.

Hofu yako siicheki, mama. Wanaotunga sheria hizo wanataka hasa hilo, uwakatie ndugu zako simu kwa mkono wako mwenyewe, wao wasijisumbue. Kwa Taisia uliwafanyia kazi bure, na hilo nalisema kwa ukali kwa sababu bado linarekebishika.

Sikiliza basi. Kumwuliza binti wa kaka yako kama anakula vizuri si kushirikiana na shirika. Usiwafumie tena watu wa Sinitsa, usiwachangie, mchoro uuchome, na kundi lao usilitaje kwenye simu. Ongeeni habari za magoti yako na miche ya nyanya dirishani. Yeye ni mtu mzima, ataelewa.

Unaogopa hatapokea. Huku ughaibuni ninakoishi tuko wengi tuliokatiwa simu na watu wa nyumbani, na mimi nimo. Hatukai tukipanga maneno ya kuwakomoa. Tunaingia na simu mpaka bafuni, isije ikaita tusisikie. Mpigie Jumapili hii, sema, "Ni mimi, shangazi yako," halafu nyamaza, umwache alie kwanza.