Habari Aliyopewa Rashidi

Chake Chake, Pemba

Dada yangu Mwanahawa,

Salamu nyingi zikufikie hapo Tanga, wewe na wote wa nyumbani. Kifua cha mama kinaendeleaje? Mimi mwili mzima, ila moyo umeniharibikia, na nisipokwambia wewe sina wa kumwambia.

Unamkumbuka Rashidi niliyekueleza, mwandishi wa lile gazeti jingine hapa? Ameandika kwamba mizani ya ghala moja la karafuu imechezewa na wakulima wanapunjwa. Anasema kaambiwa na mtu wa humo humo asiyetaka jina lake litajwe. Gazeti liligombewa mpaka Tumbe. Mhariri wangu akaniletea barua ya mstari mmoja: "Wewe ulikuwa wapi?" Dada, wivu ulinishika hata chakula kikanishinda.

Nikachunguza mpaka nikamjua mtu mwenyewe. Ni mama mmoja afanyaye kazi ghalani, na mimi ndiye humsomea barua za mwanawe. Nikamfuata kwake.

"Mama, barua zako zote nakusomea mimi. Habari ukampe Rashidi?"

Akaendelea kupepeta mchele. "Barua ya mwanangu kuachana na mkewe uliisoma Alhamisi. Ijumaa watu wakanipa pole. Rashidi kabla hajaandika aliniuliza, 'Ukijulikana, utakula wapi?' Weye ungeniuliza?"

Nikaaga, nikaenda zangu.

Siku ya pili msimamizi wa ghala akanikaribisha kahawa. Akasema, "Nitajie anayetoa maneno, na habari za hapa nitakupa wewe peke yako." Sikufichi, dada, jina lilinifika ulimini. Nilimwona Rashidi kwa jicho la moyo ameaibika, hana tena wa kumnong'oneza, na nikafurahi. Kisha nikaweka kikombe chini, nikasema simjui, nikaondoka.

Mizani imebadilishwa. Sokoni watu wanampa Rashidi mkono, nami nasimama kando naumia. Nilichokikataa hakijui mtu ila wewe, na jina la mama yule hata wewe sikupi.

Nisalimie shemeji na watoto. Mjomba fundi cherehani mwambie kanzu imenikaa vizuri. Mama mkubwa nibusie mkono. Ukimsomea mama barua hii, hapo pa ghala paruke.

Mdogo wako akupendaye,
Mbwana