Mama, Marobota Yako ya Katiba Bado Yapo

Mpendwa Mama,

Mwenye nyumba alikuja wiki iliyopita na jamaa mwenye ramani iliyokunjwa kwapani. Nyumba inavunjwa, ghorofa linapanda, na sisi tumepewa mpaka mwisho wa mwezi tuwe tumehamisha kila kitu. Duka la mbele halinisumbui, nimeshapata fremu mtaa wa pili. Kilichonisumbua ni stoo ya uani. Marobota yako ya khanga za katiba yalikuwa bado yamo mle. Yalikuja saba. Sita yalikuwa bado yamefungwa na moja limefunguliwa, na hilo la kufunguliwa nitakueleza, kwa sababu ulikuwepo lakini hukuona.

Uliniambia nisiyauze mpaka yawe kweli. Sasa imenibidi niamue la kufanya nayo na wa kumuuliza hayupo, ndiyo maana nakuandikia. Naandika hadharani, wasome na wengine, maana ulichokingoja hukukingoja peke yako. Ila wasomaji hawakujui, kwa hiyo utaniwia radhi nikikukumbusha mambo unayoyajua.

Uliuza khanga Kariakoo tangu mimi sijazaliwa, na siri ya biashara yako ilikuwa kuwahi. Khanga ya tukio haitengenezwi siku ya tukio. Kiwandani wanataka miezi: mchoro, rangi, jina, kisha foleni ya mashine. Kwa hiyo muuza khanga anaagiza wakati jambo lenyewe bado ni fununu, ili siku ikifika kina mama wachukue sare zao kwake na si kwa jirani. Uchaguzi, ziara ya mgeni mkubwa, timu kuchukua kombe, wewe uliotea vyote. Sijui uliwezaje, na nadhani hata wewe hukujua.

Wajumbe walipokusanyika Dodoma kutunga katiba mpya ulisikiliza redio siku tatu, ukavaa baibui, tukaenda kiwandani. Ulikataa kijani na manjano, ukakataa nyekundu na bluu, watu wasije wakasema duka lina chama. Ukabaki na kahawia na nyeupe, khanga ya rangi ya chai ya maziwa. Katikati ukaweka kitabu kilichofunguliwa, na chini yake jina kwa herufi kubwa: KATIBA MPYA TUMEIPATA. Karani akainua kalamu yake.

“Mama, una uhakika? Hata kura hawajapiga.”

“Mwanangu, watu wazima wale. Wamewekwa ukumbi mmoja, wanakula vizuri, wanalala vizuri, kazi yao moja tu. Watashindwaje?”

Karani akaandika. Mimi nilisimama nyuma yako nikikuona mjanja kuliko wafanyabiashara wote wa Kariakoo.

Ubishi wa kule Dodoma ulikuwa mwingi, lakini uliofika mtaani ulikuwa mmoja: nchi ibaki na serikali mbili au iwe na tatu. Kila baraza lilikuwa na wa mbili na wa tatu. Ami Salum, jirani yetu wa upande wa pili wa barabara, muuza vitambaa vya suti, alikuwa wa mbili, na alisema kwa sauti iliyofika mpaka kwetu. Wateja wako walikuuliza kila siku, “Bi Zuhura, wewe mbili au tatu?” Nawe ulijibu bila kuinua macho kwenye khanga unazokunja, “Mimi nataka wamalize.” Watu walidhani unakwepa. Hukuwa unakwepa. Ulikuwa na khanga mashineni.

Kisha upande mmoja, wa waliotaka tatu, ukatoka nje ya ukumbi na haukurudi. Siku chache baadaye lori la kiwanda likashusha marobota saba mlangoni. Ulitundika doti moja ya sampuli asubuhi na kabla ya adhuhuri ulikuwa umeiteremsha, kwa sababu kila aliyepita alisimama, akasoma, akauliza, “Tumeipata lini, Mama?” Ami Salum alikuwa amekaa kibarazani kwake anatazama yote hayo. Akakupigia kelele akicheka: “Bi Zuhura! Wewe umeshafika Idi, sisi bado tuko Shaabani!”

Mtaa mzima ulicheka. Wewe uliingia ndani.

Ramadhani ya mwaka ule nilikuwa mtu mzima tayari, lakini ilinikosesha raha kama mtoto. Miaka yote sahani yetu ya tambi ilivuka barabara kwenda kwa Ami, na yake ya sambusa ikaja kwetu. Safari hii ulipika tambi, ukazifunika, ukaniambia tule wenyewe. Yeye naye hakuleta. Watu wawili waliofutari pamoja kwa sahani tangu ujana wao walinuniana kwa sababu ya ukumbi ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuona.

Waliobaki Dodoma walipitisha ya kwao, ikatangazwa kwamba wananchi tutaipigia kura ya maoni. Ulifuta vumbi marobota, ukaniambia nifagie na mbele ya stoo. Kisha kura ikaahirishwa. Ulimuuliza mtangazaji, kana kwamba amekaa ndani ya redio, “Mpaka lini?” Akasoma habari za mvua.

Jioni ile Ami Salum alivuka barabara mwenyewe, mikono mitupu. Akasimama mlangoni kama mteja asiyejua anachotaka. Wewe ndiye uliyeanza.

“Ami, ulitaka mbili. Zipo mbili. Umepata nini?”

Akafikiri. “Wallahi, Bi Zuhura, sijapata kitu.”

Ukamvutia kigoda, mkanywa kahawa, na Ramadhani iliyofuata sahani zilivuka. Nimesoma makala nyingi za wataalamu kuhusu mkwamo ule, na sijaona iliyoueleza vizuri kuliko jibu la Ami.

Miaka iliyofuata sina haja ya kukusimulia yote. Kila uchaguzi ukikaribia walisema mchakato utaendelea ulipoishia, na kila ukipita tuliambiwa kuna mambo ya maendeleo kwanza. Kila waliposema ulibadilisha naftalini kwenye marobota. Mimi niliacha kusikiliza mapema. Wewe uliendelea kukaa na redio mezani, na Bunge likiwa hewani mteja alikuwa hapunguziwi bei hata alie, kwa sababu ulikuwa humsikii.

Halafu akaja yule jamaa wa Buguruni. Nilimleta mimi, na nilijua ninachofanya. Alivuta kipande cha khanga kwenye upenyo wa robota, akakifikicha kwa vidole, akaridhika.

“Mama, mali hii imekufa. Ila pamba yake nzito. Tunakata vipande, tunawapelekea mafundi gereji. Hii inanyonya oili balaa.”

“Siuzi matambara,” ulisema. “Inangoja siku yake.”

Nami nikasema, mbele ya mgeni, “Mama, siku yake haiji. Hawa watu hawakukumbuki. Ni wewe tu uliyebaki unawaamini.”

Jamaa alipoondoka ulinigeukia ukasema maneno ambayo ndiyo yanayonifunga leo: “Nikifa usiyauze mpaka yawe kweli.” Ukakaa siku mbili hunisemeshi. Mama, najuta. Sijuti kwa sababu nilikosea kuhusu wao, sikukosea. Najuta kwa sababu nilikusemesha kama mtu aliyefanya ujinga, na ulichofanya ni kuwachukulia watu wazima kuwa ni watu wazima.

Ulituacha Alhamisi asubuhi, duka halijafunguliwa. Bi Mwanaidi, mkubwa wa kina mama wanaoosha maiti mtaani kwetu, alifika na wenzake watatu. Akanishika bega, akasema, “Mwanangu, lete khanga. Za kuzungushia ua, za kumfunika mama, na za sisi kujifunga.” Ufunguo wa duka sikuuona. Tulikuja kuuona baadaye, umeufunga kwenye pindo la khanga uliyolala nayo, na mimi nilitafuta kila mahali isipokuwa hapo. Stoo ilikuwa mbele yangu. Nikachukua kisu cha jikoni, nikakata kamba za robota la kwanza, nikawapa mafungu kwa mafungu. Sikuwaza lolote, nilitaka tu usicheleweshwe.

Waliposimamisha pazia ndipo nilipolisoma. Pande zote nne za ua, herufi kubwa, mpya kabisa, zikinuka naftalini: KATIBA MPYA TUMEIPATA. KATIBA MPYA TUMEIPATA. Bi Mwanaidi, kata ya maji mkononi, alisoma upande mmoja, akageuka akasoma wa pili, kisha akakuinamia.

“Haya, Zuhura,” akasema taratibu. “Wewe umeipata.”

Mmoja wao akacheka huku analia, na mimi nikafuata. Naona haya kukuambia kwamba nilicheka ukiwa umelala pale, lakini ni afadhali unisikie mwenyewe kuliko uambiwe na wengine. Ndiyo mara ya kwanza nilizipenda khanga zile.

Kwa desturi khanga za kuoshea huwa za waoshaji, kwa hiyo waliondoka nazo. Arobaini yako haijafika, Bi Mwanaidi alishaivaa ya kwake sokoni. Watu wakamsimamisha kwenye njia ya wauza nazi: “Bi Mwanaidi, mmeipata lini?” Akawajibu, “Muulizeni Zuhura.” Ami Salum alinieleza hili mwenyewe, na akaishia katikati akatoa leso.

Sasa nyumba inavunjwa. Yule jamaa wa Buguruni amesikia, amenipigia simu mara mbili, na bado anaisifia pamba yako. Mimi sina hasira na wale wa Dodoma. Nimechoka tu, na mtu aliyechoka angekubali. Badala yake leo asubuhi nilikwenda kwa Bi Mwanaidi nikampa marobota matano, pamoja na masalia ya lile lililofunguliwa. Atagawana na waoshaji wa Mchikichini na wa Buguruni. Kuanzia sasa kina mama wa huku, waliosimama foleni za kujiandikisha, waliotoa maoni yao kwenye mikutano, waliosikiliza redio wakikunja nguo, wataogeshwa ndani ya pazia lako. Bi Mwanaidi alihesabu kwa macho, akauliza, “Na siku wakiipata kweli, utavaa nini?”

Nikamwambia nimebakiza moja.

Sijauza hata doti, Mama, kwa hiyo sijakuvunjia neno. Robota la mwisho nahama nalo. Fremu mpya ni nyembamba na litanibana, lakini nimeshalipimia mahali pake, chini ya meza ya redio. Katiba ikifika, nitatundika khanga zako mlangoni tangu alfajiri, na Ami Salum ndiye atakayechukua doti ya kwanza, ameapa. Isipofika nami nikiwa hai, mwanangu nimeshamwonyesha robota liliko. Nimemwonyesha na kisu cha kukatia kamba.

Lala salama, Mama, na samahani kwa zile siku mbili.

Kitindamimba wako,
Kariakoo