Folda ya Uzazi

Nyarero, 2 Februari 2025

Mwanangu Deus,

Habari za huko Natta? Hapa wazima, goti langu tu ndilo linalosumbua. Barua hii anakuletea dereva wa mboga wa kambi yenu, maana simu yako haishiki.

Kompyuta yetu iligoma kuwaka. Fundi wa mjini akaiwekea Windows upya. Sasa inawaka, lakini folda yangu ya UZAZI, yenye picha za madaftari ya watoto niliowapokea nikiwa mkunga, inaniambia sina ruhusa. Mimi! Fundi anataka afute vyote tuanze upya. Nikaibeba nikarudi nayo nyumbani.

Unamkumbuka Bhoke wa Nchagwa? Baba yake anamwoza. Ng'ombe wa mahari wanakuja Ijumaa ya tarehe 14. Anasema binti ana miaka kumi na tisa na kadi ya kliniki imepotea. Mama yake ni marehemu, hawezi kusema. Mimi nilimzalisha mama yake nyumbani kwao, najua binti ana kumi na tano. Afisa ustawi wa jamii anataka maandishi, na madaftari yenyewe yaliliwa na mchwa.

Niandikie hatua kwa hatua. Nitafanya mwenyewe.

Mama yako,
Waisiko

Natta, 6 Februari 2025

Shikamoo Mama,

Pole na goti. Mimi mzima, kambi imejaa wageni ndiyo maana siwezi kuja.

Usiwe na wasiwasi, picha zipo. Folda ile bado inamtambua mtumiaji wa Windows ya zamani, na wewe sasa inakuona mgeni. Tunahamisha umiliki tu.

Bofya UZAZI kwa kitufe cha kulia cha mausi. Chagua Properties, halafu Security, halafu Advanced. Juu utaona Owner. Bofya Change, andika jina unaloingilia, kisha OK. Tia tiki kwenye Replace owner, ili na vilivyomo ndani viwe vyako. Malizia na Apply.

Fanya kwa UZAZI peke yake. Diski C nzima usiiguse, Mama, utaivuruga Windows yenyewe. Ikifunguka, nakili kwanza kwenye flashi.

Mwanao,
Deus

Nyarero, 16 Februari 2025

Mwanangu Deus,

Hujambo? Mimi sijambo, hata goti limetulia.

Niliandika Waisiko, ikakataa. Nikatazama pale ninapoingilia: kumbe fundi aliniita OFISI. Nikaandika OFISI, ikakubali. Folda ikafunguka, lakini kila picha ikasema sina ruhusa. Na karatasi yako iliishia hapo, mwanangu! Nikarudi Advanced, nikasoma neno kwa neno. Jina langu lilikuwa kwenye Owner, lakini kwenye orodha ya wenye ruhusa halimo. Nikabofya Add, nikaliweka, nikatia tiki Full control, na tiki ya chini ya kuvigusa vyote vya ndani. Zikafunguka zote. Kumbe kumiliki ni kitu kimoja na kuruhusiwa ni kingine. Siku nyingine usisahau.

Alhamisi nilichapisha ukurasa wa Bhoke, nikaupeleka ofisi ya kijiji: 14 Mei 2009, saa nne asubuhi, msichana, kilo mbili na nusu.

"Umri wa mtoto anaujua baba," Nchagwa akasema.

"Baba alikuwa Nyamongo anachimba dhahabu," nikamjibu mbele ya watu. "Kitovu nilikata mimi."

Afisa akasoma mara mbili, akamwambia mtendaji asimamishe ndoa. Ijumaa ng'ombe hawakuja. Bhoke analala kwangu, kesho anarudi shule.

Jana Nchagwa alikuja peke yake. Nilisimama mlangoni, nikijua amekuja kugomba. Akasema, "Mama, naomba niuone huo ukurasa."

Nikamwashia. Akasoma kwa kidole hadi mstari wa mwisho, pale nilipoandika kwamba mzazi, akiwa na uchungu, alimwita mume wake.

"Aliniita?"

"Mara nyingi."

Akarudisha kidole kwenye mstari ule. Bhoke alikuwa jikoni, akaleta chai, akaweka kikombe mezani bila kumtazama. Baba yake akakipokea kwa mikono miwili.

Aliponyanyuka akaniomba nakala moja ya ukurasa ule. Nimempa.

Mama yako,
Waisiko