Mukaratusi Wenye Hauko Tena

Butembo, alhamisi 14/10/1999

Na bado batu banaita kwangu «pa mukaratusi»! Ule muti nilikata mimi mwenyewe, mwaka ule nilijenga depo ya kuweka samaki pale. Nikapandisha étage, gorofa ya juu, nikatundika kibao yenye jina yangu kwa rangi nyekundu. Hakuna mutu anayeisoma. Muji inakimbia, ulimi ya batu inabakia nyuma. Ilikuwa inanikasirisha sana.

Mais leo basoda ba rebelles, wale waasi wenye bunduki, bamekuja kunyang'anya kamio, lori yangu. Ilikuwa ndani ya kiwanja, nyuma ya ukuta, imejaa samaki ya Kyavinyonge, na mimi nyuma ya mulango. Nikabaona ku tundu bakipita mara mbili, macho juu, banatafuta muti. Kisha bakarudia kwao, banatukana kwa Lingala.

Mama Kahindo, jirani yangu muuza ndizi, akaingia anacheka.

«Baliniuliza kwa mwenye kamio ni wapi. Nikabaambia: pa mukaratusi. Sikudanganya, Papa Idi!»

Hapana, mama, hukudanganya.

Donc nimeshusha kibao. Muti, bauache pale pale.