Kitabu cha Wageni

Kivilampi, Minnesota
12 Aprili 1953

Kaka yangu Urho,

Nakusalimu wewe, wifi yangu Martta na watoto, na natumaini barua hii itawakuta wazima na kikohozi cha mdogo kimekwisha. Mimi kiwiliwili sijambo. Theluji inayeyuka, njia nzima ni matope, na kuku wameanza kutaga tena. Yaliyobaki si mazuri, na nakuomba uyasome ukiwa umekaa.

Barua yako niliipata Jumatatu, bahasha imefunguliwa na kubandikwa upya kama zote siku hizi. Yule wa posta hata haoni haya. Aliniuliza tena kama bado napokea gazeti la Kifini, nikamwambia nimeacha tangu mwaka jana. Ni kweli, sote tumeacha. Vitabu vya maktaba ya ukumbi wetu wa Wafini tulivichoma kwa mikono yetu wenyewe katika jiko la ukumbi, hata kile cha kufuga nyuki, maana nani alikuwa na moyo wa kukaa kuchagua? Wanasema wakomunisti wamejipenyeza kila mahali, basi kila mtu anamchungulia jirani yake. Hata kwaya imevunjika.

Umeniuliza nani walikwenda kumzika Onni Lahtela. Mchungaji, mchimba kaburi na mimi. Veikko alipita na gari lake, akapunguza mwendo, hakushuka. Nawe umeniandikia, "Afadhali. Mchongezi kaenda na ulimi wake." Maneno hayo yananikosesha chakula, Urho. Wewe na Onni mlikua pamoja kama mapacha. Siwezi kukuacha uendelee kumchukia.

Najua hesabu yenu. Jioni ile ya Februari 1948 tulikusanyika nyumbani kwangu, watu kumi na wawili, kumsikiliza yule msemaji wa chama cha wafanyakazi. Tulikula, tukaimba, tukawachangia watoto wa wagomaji. Miaka minne baadaye msemaji akatangazwa mkomunisti, na waliokuwepo wakaanza kuitwa mmoja mmoja. Wewe shule ilikutaka utaje wenzako, ukakataa, ukafukuzwa, na sasa mwalimu mzima unapakia mbao huko Duluth. Veikko aliondolewa mgodini. Bibi Hilja, na miaka yake sabini na moja, aliambiwa huenda akarudishwa Ufini, ambako hana hata wa kumpokea. Mimi nilitolewa jikoni mwa shule, mkanihurumia. Onni peke yake hakuguswa. Basi ni yeye, mkasema.

Hukuwepo kuona walivyomfanya. Jumamosi akiingia sauna ya ukumbi kuoga mvuke kama wengine, wanaume walitoka na sabuni mwilini. Kaarlo alimpigia kelele mbele ya duka la ushirika, "We Onni, leo umetuandika wangapi?" Naye, unavyomjua kwa mizaha, akajibu, "Wote, mpaka paka wako!" Zamani wangecheka mpaka machozi. Safari hii hakucheka mtu. Kufika Krismasi alikuwa hajibu tena, ananunua chumvi yake na kuondoka kichwa chini.

Januari alikuja kwangu. Alisimama mlangoni akipangusa viatu kwa muda mrefu, kama mtu asiyejua kama atakaribishwa. Aliniambia kwamba mimi namjua, kwamba nyumba ilikuwa yangu na usiku ule niliuona kwa macho yangu, niwaambie watu. Alisema, "Lempi dada, neno lako moja tu linatosha." Nikammiminia kahawa. Nikamkatia mkate wa iliki. Neno sikumpa. Alipomaliza kunywa akaomba kitabu cha wageni atie jina lake, kama ilivyo ada, nami nikamwambia kimepotea. Kilikuwa kabatini, hatua mbili kutoka kiti chake. Alinitazama, akashukuru kwa kahawa, akavaa kofia.

Machi walimkuta kwenye shimo la zamani la mgodi, lile lililojaa maji. Wanasema aliteleza. Viatu vyake vilikuwa ukingoni, vimepangwa sawasawa. Anayeteleza havui viatu, kaka yangu.

Sasa nakuambia nilichoshindwa kumwambia yeye.

Mwaka juzi, mwezi wa Oktoba, alikuja kijana mmoja wa serikali. Alivua kofia, akafuta miguu, akasema ana maswali mawili matatu. Niliogopa. Nilipoogopa nikafanya alichotufundisha mama: aliyevuka kizingiti anywe kahawa, na aliyekunywa kahawa atie jina kitabuni. Nikamwekea kitabu mbele yake. Mimi mwenyewe, Urho. Na kalamu nikampa.

Aliniuliza kama kila mgeni huandika humo. Nikamjibu kwa majivuno, mpumbavu mimi, kwamba kila mgeni, tangu mwaka nilioolewa. Akawa anafunua kurasa taratibu. Akaomba kukiazima siku mbili. Nikamwambia achukue, ila asikichafue. Alikirudisha siku ya tatu kimefungwa karatasi safi, nikamwongezea kahawa.

Ukurasa wa Februari 1948 mmeandika wote, na jina la msemaji liko juu. Wewe umeandika kwa mwandiko wako mzuri kwamba mmewachangia wagomaji na mtawachangia tena. Asiyekuwemo humo ni Onni tu. Hakuandika kwa sababu wakati kitabu kinazunguka alikuwa nje kwenye baridi, anatuwashia moto wa sauna. Aliporudi nilikuwa nimekwisha kukifunga.

Nilipopata akili, ninyi mlikuwa mmekwisha kumhukumu. Nikaona afadhali mumchukie yeye kuliko mimi. Sina neno jingine la kujitetea, ni woga tu. Kila siku nilisema kesho.

Jumapili nitasimama ukumbini niwaambie wote, wakija. Nimeanza na wewe kwa sababu wewe ndiye ninayeogopa kumpoteza, na najua huenda nimekwisha kukupoteza.

Jina la yule kijana ndilo la mwisho kitabuni. Ameandika, "Asante kwa kahawa." Tangu hapo hajaandika mtu. Jana nilirudi kwenye ule ukurasa wenu, na chini kabisa nikamwandika Onni Lahtela kwa mkono wangu, na kwamba alichelewa kwa sababu alikuwa anatuwashia moto.

Nisalimie Martta. Wabusu watoto, kama utawaambia bado wana shangazi.

Dada yako,
Lempi