Wake Wenza Kabini Moja

Mke mwenzangu mpendwa, Mishi,

Asalaam aleikum huko uliko. Jana alasiri Bi Salma wa nyumba ya pili alikuja barazani kwangu na daftari na kalamu. Binti yake amemkatia tikiti ya meli ya kitalii, yeye na mumewe, siku saba kwenda Shelisheli na kurudi, na mtaa mzima umemwambia aje aniulize mimi kwa kuwa nimepanda mara tano. Nilitaka kumwambia kwamba mjuzi ulikuwa wewe na mimi nilikuwa mfuataji tu. Lakini wanijua, sikupenda kukosa sifa. Nikakaa vizuri kwenye mkeka, nikaanza kufundisha.

Nikamwambia achague kabini ya katikati ya meli, tena ghorofa za chini, kwa sababu huko juu kwenye madirisha makubwa ndiko bahari inakomrusha mtu zaidi. Siku ya kwanza asile kama anayefuturu. Chakula kipo asubuhi mpaka usiku wala hakikimbii. Achukue ndimu na tangawizi kavu, na viatu vya mpira, maana sakafu za nje huoshwa kila asubuhi na ukiwa na buibui ni rahisi kuteleza. Dawa za mumewe azitie kwenye mkoba wa mkononi, kwani begi kubwa huchukuliwa bandarini na huweza kufika mlangoni baada ya saa nyingi. Aulize mapema jikoni ni chakula gani kina nyama ya nguruwe, wala asione haya, wamezoea kuulizwa. Na wakishuka kutembea miji ya watu, warudi saa nzima kabla ya ngazi kuondolewa, kwa sababu meli haimngoji mtu hata awe nani. Hilo la mwisho nilijifunza kwako, siku uliyonivuta mkono kutoka duka la vitambaa Morisi nami bado nabishana na muuza hariri.

Bi Salma aliandika yote. Kisha akaniuliza mimi nitasafiri tena lini, nikajitia kuinama kutafuta kikombe.

Hapo ndipo nilipokwama, Mishi. Mwanao Nasoro amenipigia simu mara mbili. Meli yake itaingia Kilindini mwezi ujao, na ile nafasi ya kila mwaka wanayopewa wafanyakazi kwa ajili ya wazazi wao, amesema ni yangu. Fomu yenyewe ni fupi: jina la msafiri, na uhusiano wake na mfanyakazi. Anataka kuandika jina langu, na mbele yake aandike "mama". Mara zote mbili nimemwambia goti linanisumbua. Goti langu halina neno lolote. Nakuandikia nikueleze kwa nini nimemdanganya mwanao, ingawa sababu waijua kunishinda.

Kutoka nyumbani kwangu Mji wa Kale hadi kwako Makadara ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Kwa miaka ishirini na minane nilizifanya dakika hizo kuwa safari isiyofikika. Marehemu mume wetu aliziweza, siku mbili kwako na siku mbili kwangu, na begi lake dogo la nguo. Mimi nilikuwa mke wa kwanza, mtoto wa nyumba ya mawe, niliyekuwa sijajaaliwa mtoto. Wewe ulikuja kutoka upande wa Kwale, msichana wa kazi ya ofisi, unacheka kwa sauti. Nilikuonea wivu mpaka nikawa najichosha mwenyewe. Hata alipofariki, kila mmoja wetu alikaa eda yake nyumbani kwake.

Ndiyo maana nilishangaa uliposimama mlangoni kwangu eda ilipokwisha. Ulikataa kuketi. Ukaniambia Nasoro amepata kazi ya kuoka mikate kwenye meli kubwa ya watalii, na ameruhusiwa kuwachukua wazazi wake wawili kwa nauli nafuu, na baba yake ndiyo huyo ameshazikwa. Ukasema bahari unaijua kwa kuitazama tu, kwamba peke yako huendi. Nikakubali palepale. Nakiri leo, nilikubali kwa ajili ya meli, si kwa ajili yako.

Unakumbuka safari ile ya kwanza na masikini Wayan? Tuliamka, tukasali, tukatandika vitanda, tukasugua choo, tukapangusa kioo, tukakunja hata taulo zao. Mwanamke gani aliyelelewa Mombasa atamwacha mwanamume asiye mahramu akute kitanda chake kimevurugika? Wayan, mhudumu wetu, mtu mzima wa Bali mwenye mvi, akibisha hodi, akichungulia, akienda zake na ndoo yake. Siku ya tatu alikuja na msimamizi, na nyuma yao Nasoro, mikono imejaa unga. Kumbe kwenye meli abiria wakikataa kuhudumiwa siku tatu mfululizo huandikwa kwamba wana malalamiko. Wayan alikuwa hakulala, akijiuliza alitukosea nini.

Nasoro alijifunika uso kwa aibu. Akatueleza polepole kwamba tukiendelea hivyo mwenzake ataonekana hana kazi. Ukafikiri kidogo, kisha ukatoa hukumu kwamba kitanda kimoja kitaachwa bila kutandikwa, nacho ni cha Da Zena, yaani mimi, kwa sababu yeye ndiye aliyezoea kutumikiwa. Nilinuna siku nzima. Nilinuna kwa sababu ilikuwa kweli.

Jioni hiyo Wayan alituletea sahani ya matunda kushukuru. Tulipomaliza niliiosha, nikaiweka nje ya mlango. Ukatoka, ukairudisha ndani. Ukafungua begi lako, ukatoa halua uliyoibeba kutoka nyumbani, ukapanga vipande vitatu na kuvifunika kwa karatasi laini. Nikakwambia hiyo ni sahani ya meli, si ya jirani.

"Mimi sirudishi sahani ya mtu tupu," ukasema. Hukunitazama uliposema, wala hukuwa na hasira. Nilijua ni sahani gani unayoisema.

Bi Salma hajui habari hii, wala hakuna anayeijua hapa mtaani, kwa hiyo wacha niiseme yote. Siku ya arubaini ya Nasoro ulinitumia sahani ya biriani. Ilikuwa sahani yako nzuri, ya maua ya buluu, aliyokuja nayo shangazi yako mwenyewe kwa miguu kutoka Makadara. Ulikuwa umeniita nije kwenye maulidi ya mtoto na nikakaa nyumbani, nawe ukaona uniletee. Nikaipokea. Nikampa paka wa uani ile biriani, nikaiosha sahani mpaka ikang'aa, na shangazi yako akiwa bado anapumzika barazani nikamrudishia tupu. Kwetu hata kijiko cha sukari kingetosha. Hata ndimu moja. Mimi nilihakikisha hakuna kitu, na nilihakikisha ameona. Nilitaka ujue kwamba mtoto wako mimi simjui.

Wewe ulijua. Ukakaa na hilo miaka yote, kisha ukaja kunichukua tukalale kabini moja.

Basi Wayan na sahani yake wakawa mchezo. Yeye analeta ndizi, wewe unarudisha tende. Analeta nanasi, unarudisha kashata. Tulipofika Shelisheli akiba yako ilikuwa imekwisha, ukaanza kumtilia mikate aliyooka mwanao, yaani chakula cha meli kinarudi kwa mtu wa meli. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Sidhani nilikuwa nimewahi kucheka mbele yako kabla ya siku hiyo.

Safari ya pili tuligombana kuhusu kibla. Ulikuwa na simu yenye dira, na kila sala ulizunguka kabini nayo kama fundi wa umeme. Siku moja alasiri tulianza kusali tukielekea mlango, na tulipotoa salamu dira ikaonyesha dirisha. Nikakulaumu. Ukanijibu kwa utulivu kwamba iliyogeuka ni meli, si wewe. Tangu hapo namwambia kila anayeniuliza: tizama dira kabla ya takbira, kisha umtegemee Mungu.

Ya tatu ndiyo inayoniuma. Bahari ilichafuka mchana kutwa tukiwa tunaelekea Morisi, na mimi nilikuwa nimelala chali, nimeshika ukingo wa kitanda. Uliketi chini sakafuni karibu na kichwa changu, unanikatia ndimu, unaninusisha. Ukasema, kwa sauti ile ile ya kuniuliza kama nataka maji:

"Nalikungoja siku ya arubaini, Da Zena. Nalimvika mtoto kanzu nyeupe ili umuone."

Ulinipa mlango wazi, Mishi. Ulikuwa umengoja karibu miaka thelathini kuufungua, na nilichotakiwa kusema ni neno moja tu. Nikakuuliza kama tangawizi imebaki. Ukainuka ukaniletea. Hukulirudia tena, si safari ya nne wala ya tano, na mimi kila tulipopanda ngazi ya meli nilijiambia kwamba safari hii nitasema. Kisha kulikuwa na chakula, na mchezo wa karata na wale kina mama wa Durban, na wewe kunifundisha kupiga picha, na siku saba zikaisha.

Ulipougua ilikuwa haraka. Nasoro alikuwa bado baharini, mbali sana kuwahi hata maziko. Wakaniita mimi, nikaja Makadara kwa zile dakika kumi, na mimi ndiye niliyekuosha pamoja na shangazi yako, yule yule, sasa kizee. Nilikusomea kila dua ninayoijua. Neno lile lilikuwa mdomoni na nilimwonea haya yule bibi aliyeshuhudia sahani. Nikalimeza tena.

Ndiyo maana nilimwambia Nasoro habari ya goti. Ningepandaje meli kwa jina la mama yake, mimi niliyemkana kabla hajajua kukaa? Fomu ile ingekuwa na uongo, na uongo wangu mimi si wake. Tena kitanda cha pili ni chako, na sijui nitalala vipi nikikitazama.

Nilisimamisha barua hapa jana. Sasa ni asubuhi, na nimekwisha kumpigia.

Nilimpigia kabla sijanywa chai, ili nisipate nafasi ya kujishauri. Nyuma yake nilisikia mashine ya kukandia unga. Nikamwambia nisikize, mwanangu, usinikatize. Nikamweleza yote: biriani, paka, sahani niliyoiosha, shangazi aliyeirudisha, kanzu nyeupe, tangawizi. Nikamwambia mtu aliyefanya hayo hafai kuandikwa mama kwenye karatasi ya mtu yeyote, na kwamba nilimwogopa yeye kuliko nilivyokuogopa wewe.

Ile mashine ikaendelea kuzunguka, kisha nikasikia ameizima. Nikafikiri, haya, sasa hasira yake itakuja, na itakuwa haki.

"Mama," akasema, "kile cheti chako cha homa ya manjano kiko wapi? Wanakitaka pamoja na fomu."

Tangu akiwa mdogo aliniita Mama Mkubwa, kwa adabu uliyomfundisha wewe, kwa mwanamke asiyemstahili. Leo hakuongeza lile "Mkubwa". Nikamwambia cheti kiko kwenye droo. Akaniambia nikipige picha nimtumie kabla ya adhuhuri, na kwamba goti nilipake mafuta ya karafuu, kisha akarudi kwenye unga wake. Sijui kama ulikuwa umemhadithia zamani. Sikuuliza. Nilikaa chini nikalia kwa sauti, mpaka Bi Salma akaja kubisha hodi akidhani kumetokea msiba.

Basi nisamehe, Mishi. Nimeliandika sasa na nimelisema kwa sauti hapa chumbani, hakuna aliyesikia ila ukuta. Ningekuja siku ile. Ningeketi kwako, ningekula biriani yako kwa mkono wangu, ningempakata mwanao na kanzu yake nyeupe. Nilijinyima mwenyewe, na nikakuumiza wewe ambaye hukuwa umenikosea chochote isipokuwa kuolewa.

Ameniita mama, nami nimeitika. Niliitika kabla ya kukuomba ruhusa, na sasa ndiyo naiomba.

Mke mwenzio,
Zena