Programu moja kwa kompyuta tatu, na watu waliomuulizia Kabula

UMOJA WA WENYE UALBINO NA WALEZI, KAHAMA
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA CHA KAMATI TENDAJI

Tarehe: Jumamosi, 15 Machi 2025
Mahali: Ofisi ya Umoja, Nyahanga (chumba cha ndani, si barazani kama kawaida)

Waliohudhuria:
Bw. Anatoli Kasase – Mwenyekiti
Bi. Asteria Mabula – Katibu
Bi. Rosemary Tungu – Mjumbe, muuguzi
Bw. Ngassa Luhende – Mjumbe, mwalimu wa kompyuta
Bi. Febronia (Mama Kabula) – Mzazi, kwa mwaliko

Aliyechelewa: Bw. Samwel Kulwa – Mjumbe (tazama Kumb. Na. 5)

KUMB. NA. 1/03/2025: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao saa 8:40 mchana baada ya sala iliyoongozwa na Bi. Rosemary. Alieleza kwamba wajumbe waliitwa kwa kufuatwa majumbani na si kwa simu, na kwamba sababu wanaijua. Aliomba mlango ufungwe kwa komeo. Bw. Ngassa alisema chumba kina joto na yeye ngozi yake haivumilii joto, lakini afadhali joto. Mlango ulifungwa.

Ilielezwa kwamba Kabula, binti wa Mama Kabula, mwenye umri wa miaka saba, yumo chumba cha pili na amepewa karatasi na kalamu za rangi.

KUMB. NA. 2/03/2025: TAARIFA YA MAMA KABULA

Mama Kabula alieleza kwamba anaishi Mwakitolyo, ambako mume wake anachimba dhahabu kwenye duara, yaani shimo la machimbo, na yeye anapika chakula cha wachimbaji. Jumanne mchana, akiwa anaosha masufuria, walifika wanaume wawili kwa pikipiki. Walimsalimia, "Mwadila, mayu," kwa Kisukuma kizuri, naye akaitikia. Mmoja alitazama simu yake, kisha akauliza: "Eunice yupo?"

Mama Kabula aliwaambia wajumbe kwamba hapo ndipo alipoliweka sufuria chini. Eunice ni jina la ubatizo la mtoto. Pale machimboni hakuna anayelijua, hata mama mkwe wake hulisahau. Kila mtu humwita Kabula. Aliwajibu kwamba hapo hakuna Eunice. Yule wa simu akasema, "Tumeambiwa nyumba ya bati jipya nyuma ya mashine ya kusaga, ya Febronia. Si hii?" Akawajibu kwamba Febronia amehamia Geita. Walimshukuru, wakaondoka taratibu. Mtoto wakati huo alikuwa amelala nyuma ya pazia, hatua chache kutoka walipokuwa wamesimama.

Bi. Rosemary aliuliza kama aliwaona sura. Mama Kabula alijibu kwamba aliwaona vizuri, na hilo ndilo linalomtisha zaidi, kwa sababu walikuwa watu wa kawaida tu, mmoja ana umri wa mdogo wake, na wakipita hapa nje sasa hivi asingekuwa na lolote la kuwashangaa.

Taarifa ilitolewa polisi siku hiyo hiyo. Hadi kikao kinafanyika hakuna aliyekamatwa.

KUMB. NA. 3/03/2025: FAILI LILITOKAJE

Katibu alieleza kwamba jina la Eunice, jina la mama na maneno "bati jipya nyuma ya mashine ya kusaga" vimeandikwa mahali pamoja tu, yaani kwenye faili la wanachama, ambalo hutumika kupanga mgao wa mafuta ya kujikinga na jua na siku za kliniki ya ngozi.

Mwenyekiti aliomba kulisema mwenyewe. Alieleza kwamba mwezi Februari alipewa faili kwenye flashi ili alipitie nyumbani kwake Ushirombo. Kompyuta yake ililifungua likaja limejaa visanduku na alama zisizosomeka. Bw. Ngassa alikuwa safarini. Kwa kuwa mafuta yalikuwa yamefika na watoto wanasubiri, alilipeleka kwenye duka la steshenari. Kijana wa duka alisema mashine yake pia inalikataa, akalituma kwenye simu yake kwa WhatsApp, akalirudisha likiwa linasomeka, akalichapisha. Mwenyekiti alichukua karatasi na flashi yake, akaondoka.

Bw. Ngassa aliuliza: "Na lile la kwenye simu ya kijana, Mwenyekiti?"

Mwenyekiti alijibu kwamba hakujua kuwa linabaki.

Bw. Ngassa alikumbusha kwamba kwenye kikao cha Novemba alieleza kuwa ofisi ina Windows ya zamani, kliniki ina Mac waliyoachiwa na masista, yeye anatumia Linux, na kila mmoja anaandika kwa programu yake, hivyo faili linapohama linavurugika na watu wanaanza kuhangaika nalo mitaani. Alipendekeza programu moja kwa wote. Alijibiwa kwamba tuendelee na tulichozoea. Alitaka hilo liandikwe. Limeandikwa.

Mwenyekiti alisema kwamba ni yeye aliyejibu hivyo.

Ilielezwa kwamba polisi walikwenda dukani pamoja na Mwenyekiti. Kijana alikuwa ameacha kazi tangu wiki iliyotangulia. Mwenye duka, Bw. Ignas, alishirikiana nao vizuri, na nakala iliyokutwa kwenye kompyuta yake ilifutwa mbele yao. Kijana anatafutwa. Haijulikani kama aliliuza faili, alilisambaza kwa uzembe, au simu yake iliangukia mikono mingine. Bw. Ngassa alisema kwa vyovyote vile, faili lina watu arobaini na mmoja, na yeye ni mmojawapo.

Ilithibitishwa kwamba familia zote zimekwisha fuatwa na kuonywa ana kwa ana.

KUMB. NA. 4/03/2025: UCHAGUZI WA PROGRAMU

Bi. Rosemary alipendekeza majina yawekwe mtandaoni, kwa kuwa kivinjari kipo kwenye kila kompyuta na hata kwenye simu, na hakuna atakayehitaji flashi tena. Bw. Ngassa alikiri kwamba njia hiyo inafanya kazi, ila mtandao ukikatika siku ya mgao kazi inasimama, na mtu akikosea kidogo tu kwenye ruhusa, kila mwenye kiungo anaona. Bi. Rosemary alisema, "Basi sitaki. Nimefuta."

Bw. Ngassa alipendekeza LibreOffice. Alieleza kwamba ni ya bure, inawekwa kwenye Windows, Mac na Linux, inatunza faili kwa muundo uleule kote, haihitaji mtandao kufanya kazi, na inaruhusu kulifunga faili kwa nywila. Alionya kwamba nywila ikisahaulika hakuna fundi wa kulifungua, hata yeye.

Mama Kabula aliomba kusema. Alisema: "Mnajadili programu, na mimi naheshimu. Lakini hao watu hawakuvunja kompyuta ya mtu. Walisoma nyumba yangu ilipo kwa sababu mliiandika. Mimi naomba mwanangu atoke humo kabisa. Msimwandike popote."

Mwenyekiti alisema ombi hilo ni haki yake na likubaliwe bila mjadala.

Bi. Rosemary alipinga. Alieleza kwamba nyuma ya sikio la kushoto la Kabula kuna kidonda alichokiona Januari, na daktari wa ngozi anatakiwa kukiona mwezi huu. Asipokuwa kwenye orodha hapangiwi siku, wala hapati mafuta. Alimwambia Mama Kabula: "Dada yangu, na mimi naogopa hao wa pikipiki. Lakini kile kidonda kiko naye kila siku, hata ukimficha."

Mama Kabula alilia. Kikao kilisimama kidogo.

Katibu aliuliza kwa nini faili lilihitaji kuonyesha nyumba. Ilionekana kwamba hakuna aliyekumbuka nani aliamua hivyo. Ilikuwa rahisi tu kwa wagawaji.

KUMB. NA. 5/03/2025: JARIBIO, NA KUSIMAMA KWA KIKAO

Bw. Ngassa aliweka programu kwenye kompyuta ya ofisi na kwenye Mac ya kliniki, ambayo Bi. Rosemary alikuja nayo, kwa kutumia flashi yake. Faili la majaribio liliandikwa, likiwa na majina ya mboga badala ya watu, likafungwa kwa nywila. Kwenye Windows lilifunguka. Kwenye Linux lilifunguka vilevile, safu zote mahali pake.

Kabla ya kulijaribu kwenye Mac, pikipiki ilisimama nje ya geti na kuzimwa.

Mwenyekiti aliinua mkono wajumbe wanyamaze. Bw. Ngassa alifunga kompyuta yake na kuvuta kofia usoni. Mama Kabula aliingia chumba cha pili, na sauti ya mtoto iliyokuwa ikisikika ikakatika. Bi. Rosemary alishika ufagio. Mtu alijaribu mlango, ukagoma kwa komeo, akazunguka upande wa dirisha. Mwenyekiti, ambaye miguu yake inamsumbua, alikwenda akasimama mbele ya mlango wa chumba alimo mtoto. Akauliza kwa sauti kubwa, "Nani?"

Ilijibiwa: "Samwel! Mbona mmejifungia?"

Mwenyekiti alimtaka aseme jina la marehemu baba yake kabla ya kufunguliwa. Alilisema. Alifunguliwa.

Bw. Samwel aliomba radhi kwa kuchelewa, pancha ilimkuta njiani, na kwa kuwa walikatazwa kupiga simu hakupiga. Hakuna aliyecheka. Mama Kabula alichukua muda kutoka chumbani. Alipotoka alikuwa amembeba mtoto mgongoni kwa kitenge, ingawa amepita umri wa kubebwa, na hakumshusha hadi mwisho wa kikao.

Jaribio la Mac liliendelea. Faili lilifunguka.

KUMB. NA. 6/03/2025: MAAZIMIO

Ilikubaliwa kwamba LibreOffice itumike kwenye kompyuta zote tatu kuanzia leo, na kompyuta ya Mwenyekiti iwekewe kabla hajarudi Ushirombo.

Ilikubaliwa kwamba faili jipya liwe na namba ya mwanachama, kiasi cha mafuta na tarehe ya kliniki. Majina, vijiji na nyumba havitaandikwa. Kila familia itaambiwa namba yake kwa mdomo, na wagawaji watawajua watu wao kwa kuwajua. Mafaili ya zamani yalifutwa hapo hapo mbele ya wajumbe, na karatasi zilizochapishwa zilichomwa nyuma ya ofisi.

Ilikubaliwa kwamba hakuna faili la Umoja litakalofunguliwa kwenye duka lolote, hata kazi ikwame.

Nywila itajulikana kwa Bi. Rosemary na Katibu. Mwenyekiti aliomba asiambiwe.

Mama Kabula aliulizwa tena kuhusu mtoto. Alisema kama ni namba tu, aandikwe. Bi. Rosemary atampeleka kwa daktari Jumatatu yeye mwenyewe.

KUMB. NA. 7/03/2025: MENGINEYO

Mwenyekiti alisimama, akasema: "Mama Kabula, nimekukosea. Nilikuwa na haraka ya mafuta. Nilimpa mtu nisiyemjua watoto wote." Mama Kabula alimjibu kwamba amesikia.

Bw. Samwel aliuliza mtoto na mama wataishi wapi kuanzia leo, kwa kuwa Mwakitolyo hawawezi kurudi. Mama Kabula aliwatazama wajumbe mmoja mmoja, akiwemo Mwenyekiti. Kisha alisema mahali hapo kwa sauti ya chini, mara moja.

Katibu hakuandika.

Kikao kiliishia saa 11:15 jioni. Wajumbe walitoka mmoja mmoja, wakiachiana nafasi.

Sahihi:

A. Kasase, Mwenyekiti ........................

A. Mabula, Katibu ........................